Takriri si Takataka: Urudiaji wa Herufi za DNA kwa Jicho la Mhakiki wa Ushairi

Ikisiri

Takribani nusu ya jenomu ya binadamu ni takriri, yaani mifuatano ya herufi za kikemia inayojirudia mara mbili, mara mia au hata mara milioni moja. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya takriri hizo iliitwa taka. Makala haya yanadai kwamba takriri, katika DNA kama katika ushairi, haiwezi kuhukumiwa kwa sababu tu imerudiwa. Sharti iulizwe maswali matatu: ni nini kinachorudiwa, kinarudiwa mara ngapi, na kinarudiwa mahali gani? Kwa kutumia maswali hayo tunachunguza ncha za kromosomu, ugonjwa wa Huntington, jeni ya mate inayomeng'enya wanga, utambuzi wa watu kwa DNA, na kinga ya bakteria dhidi ya virusi. Mwishoni tunaonyesha mipaka ya ulinganisho huu na kupendekeza istilahi chache za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba kurudia neno si kulisema mara mbili tu. Mbali si mbalimbali. Maji hunywewa, lakini ugali wa majimaji humtia mpishi aibu. Aliyelia ana msiba. Anayelialia ana tabia. Katika mofolojia jambo hili tunaliita uradidi. Katika ushairi tunaliita takriri, na linapokaa mwishoni mwa kila ubeti tunaliita kibwagizo, kiitikio au mkarara. Methali nazo hazikuachwa nyuma: anayesema chururu si ndo! ndo! ndo! hawezi kuutenganisha ujumbe wake na urudiaji wake.

Msomaji anaweza kuuliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika maabara ya biolojia. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, DNA imetoka maabarani kitambo. Imeingia mahakamani, hospitalini na hata makaburini. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ikifanye Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, raia ana haki ya kutarajia kwamba habari zinazohusu mwili wake, mtoto wake au maiti ya jamaa yake zitaelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Pili, suala kubwa katika taaluma hiyo ni suala tulilolizoea sisi: ni wakati gani urudiaji hubeba maana, na ni wakati gani hujaza nafasi tu?

Mwaka 1972, mwanajenetiki Susumu Ohno alichapisha makala yaliyolipa umaarufu wazo kwamba sehemu kubwa ya DNA yetu ni taka. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na tutairudia baadaye. Hata hivyo, neno alilolitumia lilitembea mbali kuliko hoja yenyewe. Wengi walilisikia jina, wakadhani ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Hapo ndipo mhakiki anapopata kazi, kwani tunajua kutokana na madarasa yetu kwamba jina baya likipewa kitu kabla ya kuchunguzwa, uchunguzi wenyewe huchelewa.

2.0 Maandishi ya Herufi Nne

Kwa ajili ya msomaji aliyeiaga biolojia katika shule ya upili, tuanze na misingi. DNA ni molekuli ndefu yenye umbo la nyuzi mbili zilizosokotana. Juu ya kila uzi kumepangwa besi za aina nne, ambazo wanasayansi huziandika kwa herufi A, T, G na C: adenini, thaimini, guanini na saitosini. A ya uzi mmoja hukabiliana na T ya uzi wa pili, na G hukabiliana na C. Kwa hiyo anayeujua uzi mmoja anaujua na wa pili.

Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Seli nyingi za mwili hubeba nakala mbili za jenomu hiyo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, zikiwa zimefungashwa katika kromosomu 46. Sehemu zinazotoa maelekezo ya moja kwa moja ya kuunda protini hazifiki asilimia 2. Katika sehemu hizo herufi husomwa tatutatu, na kila kikundi cha herufi tatu, kiitwacho kodoni, hutaja asidi amino moja ya kuongezwa kwenye protini au huamuru ujenzi usite.

Rasimu ya jenomu hii ilichapishwa mwaka 2001, na mwaka 2003 mradi wa kimataifa wa kuisoma ukatangazwa kuwa umekamilika. Kwa kweli, takribani asilimia 8 ilikuwa bado haijasomwa, na kikwazo kikuu kilikuwa takriri. Mashine za wakati huo zilisoma vipande vifupi, kisha kompyuta ikavipanga kwa kutazama mahali vinapoingiliana. Tuchukulie kwamba mtu amechana karatasi ya shairi la beti 40 na kukupa vipande uviunganishe. Kipande chenye mshororo wa kipekee utakipatia mahali pake. Kipande chenye kibwagizo peke yake utakiweka ubeti gani? Ilibidi kusubiri mashine zenye uwezo wa kusoma vipande virefu hadi mwaka 2022, ndipo matini nzima ilipochapishwa, ikiwa imeongezewa karibu herufi milioni 200.

Takriri za DNA ni za makundi makuu mawili. Kundi la kwanza ni la takriri zilizofuatana bega kwa bega, kama msafara: CAGCAGCAGCAG. Tutaziita takriri sanjari. Kundi la pili ni la vipande vinavyofanana lakini vimetapakaa huku na huko katika kromosomu mbalimbali. Tutaziita takriri tawanyifu. Sehemu zinazofuata zinaanza na kundi la kwanza.

3.0 Swali la Mahali: Pindo la Kromosomu

Katika shairi, mshororo uleule hufanya kazi moja ukikaa mwanzoni mwa ubeti na kazi nyingine ukikaa mwishoni. Mfano bora wa jambo hili katika DNA ni telomea, yaani ncha za kromosomu. Katika binadamu, ncha hizo zimeundwa kwa herufi sita, TTAGGG, zinazorudiwa maelfu ya mara. Hazitaji protini yoyote. Anayezisoma akitafuta habari atachoka mapema. Lakini ziondoe, na kromosomu nzima itaanza kuharibika.

Sababu ni hii. Kila seli inapogawanyika hulazimika kunakili DNA yake, na vimeng'enya vinavyonakili haviwezi kukamilisha ncha ya mwisho kabisa ya uzi mmoja. Kila unakili hupoteza herufi kadhaa. Lau mwishoni mwa kromosomu kungekuwa na jeni muhimu, jeni hiyo ingeliwa kidogokidogo. Kwa kuwa mwishoni pana takriri, kinachopotea ni nakala chache kati ya maelfu. Ni kama pindo la leso: huchakaa kwanza ili mji wa leso ubaki mzima. Aidha, protini maalumu huitambua TTAGGG na kuifunika, ili seli isidhani kwamba ncha hiyo ni jeraha la kuungwa na kromosomu nyingine.

Elizabeth Blackburn na Joseph Gall ndio walioonyesha, mwaka 1978, takriri ya aina hii katika kiumbe kidogo cha majini kiitwacho Tetrahymena, ambacho hutumia TTGGGG. Mwaka 1984 Blackburn na mwanafunzi wake Carol Greider waligundua kimeng'enya kinachorefusha ncha hizo, telomerasi, na mwaka 2009 wakatuzwa Nobeli pamoja na Jack Szostak. Seli nyingi za mwili wetu hazina telomerasi ya kutosha. Kwa hiyo telomea zao hufupika na hatimaye seli huacha kugawanyika. Seli za saratani, kwa upande wao, aghalabu hukiamsha kimeng'enya hicho na kuendelea kugawanyika bila kikomo. Takriri ambayo haisemi neno lolote ndiyo inayosaidia kuamua seli itaishi muda gani.

4.0 Swali la Idadi: Tatu Zilizozidi na Tatu Zilizotosha

Kila mshairi anajua kwamba kuna idadi ya kurudia inayonogesha na kuna idadi inayochosha. Katika DNA, tofauti hiyo yaweza kuwa tofauti ya uzima na maradhi.

Katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 4, kodoni CAG hurudiwa kwa kufuatana. Kodoni hiyo hutaja asidi amino iitwayo glutamini. Watu wengi wana CAG zisizozidi 26 mahali hapo, nao huishi bila tatizo. Mwenye 40 au zaidi atapata ugonjwa wa Huntington akijaliwa umri wa kawaida. Kati ya 36 na 39, huenda akaugua au asiugue. Ugonjwa huu aghalabu huanza mtu akiwa na umri wa miaka 30 hadi 50: viungo huchezacheza bila hiari, fikra huvurugika, tabia hubadilika. Hadi leo hakuna dawa inayouponya. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi jeni hiyo. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya utafiti uliozihusisha familia kubwa za kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ambako ugonjwa huu umekithiri.

Kwa nini idadi huongezeka? Hapa wanafunzi wa miswada ya kale watatabasamu. Mnakili anayenakili mstari wenye neno moja lililorudiwa mara nyingi hupotewa na jicho: alikuwa amefika la kumi au la kumi na moja? Akirudi nyuma ataongeza, akiruka atapunguza. Vimeng'enya vinavyonakili DNA navyo huteleza vivyo hivyo juu ya takriri sanjari. Ndiyo maana CAG za Huntington huweza kuongezeka kutoka kizazi kimoja hadi kingine, hasa zinaporithiwa kutoka kwa baba, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo ugonjwa unavyoelekea kuanza mapema.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wingi ni maafa daima. Haba na haba hujaza kibaba. Jeni iitwayo AMY1 huelekeza uundaji wa amilasi, kimeng'enya cha mate kinachoanza kuuvunja wanga wa ugali au mhogo ungali kinywani. Jeni hii nzima imerudufishwa, na idadi ya nakala zake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga kwa wingi na zinazokula wanga kidogo. Miongoni mwa jamii za kwanza walikuwamo Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, ambao huchimba mizizi. Miongoni mwa za pili walikuwamo majirani zao Wadatoga, ambao ni wafugaji. Kwa wastani, jamii za wanga zilikuwa na nakala nyingi zaidi za AMY1, na nakala zaidi huleta amilasi zaidi katika mate. Hapa takriri ni sauti iliyopazwa: ujumbe ni uleule, lakini unasikika zaidi.

5.0 Takriri kama Kitambulisho

Kwa kuwa idadi ya takriri sanjari hubadilika kwa urahisi, watu hutofautiana sana katika idadi hizo. Udhaifu huo wa mnakili ndio uliozaa njia ya kutambua watu. Mnamo Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza, Alec Jeffreys alitazama picha ya takriri za DNA za watu kadhaa akaona kwamba kila mmoja ana mpangilio wake. Katika kesi ya kwanza kubwa ya jinai iliyotumia mbinu hiyo, kijana aliyekuwa amekiri mauaji mojawapo kati ya mawili yaliyokuwa yakichunguzwa alionekana hana hatia. Aliyehusika alikamatwa mwaka 1987 na kuhukumiwa mwaka 1988. Takriri, basi, ilimwokoa mtu kabla ya kumfunga mwingine.

Siku hizi maabara hutazama takriri fupi za herufi chache, nyingi zikiwa za herufi nne, katika maeneo maalumu. Marekani, kwa mfano, ilianza na maeneo 13 na tangu mwaka 2017 hutumia 20. Utaratibu wa kulinganisha ni rahisi kueleweka. Tuseme katika eneo moja mama ana takriri 8 kwenye kromosomu moja na 12 kwenye nyingine, naye mtoto ana 8 na 14. Nane amezipata kwa mama. Kumi na nne lazima zimetoka kwa baba. Mwanamume anayedaiwa kuwa baba akiwa na 9 na 11, anaanza kutiliwa shaka. Akikosa kuafikiana katika maeneo kadhaa, ataondolewa. Akiwa na 14, bado haijathibitika, kwani wanaume wengi wana 14. Lakini akiafikiana na mtoto katika maeneo yote 20, uwezekano wa kuwa ni sadfa huwa mdogo mno. Eneo moja ni kama kina kimoja: mashairi mengi huishia kwa silabi -ni. Maeneo 20 kwa pamoja ni kama vina vya shairi zima, ambavyo ni nadra kufanana na vya jingine.

Wakenya hawahitaji mfano wa mbali. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kutoka makaburini. Mingi haikuweza kutambuliwa kwa sura. Jamaa walitoa sampuli, na mnamo Machi 2024 serikali ikaanza kuzikabidhi familia miili iliyotambuliwa kwa DNA. Familia inayongoja jibu kama hilo haingoji herufi. Inangoja jina. Na linapochelewa, familia inastahili kuelezwa kwa lugha inayoijua kwamba mwili uliooza hutoa DNA iliyokatikakatika, kwamba sampuli ya mzazi au mtoto hutoa ulinganisho thabiti kuliko ya binamu, na kwamba kinachohesabiwa ni takriri zilizorithiwa. Maelezo hayo yakitolewa kwa maneno ya kigeni peke yake, uchungu huongezewa kiza.

Kuna funzo jingine hapa. Takriri zilizochaguliwa kwa ajili ya utambuzi ziko nje ya maelekezo ya protini na hazikuchaguliwa kwa kuwa zina kazi fulani mwilini. Umuhimu wake umetokana na msomaji. Anayezisoma kama maagizo ya mwili haambulii kitu; anayezisoma kama nasaba anapata ukoo mzima.

6.0 Kibwagizo cha Bakteria

Takriri nyingine imepangwa kwa namna ambayo mhakiki wa ushairi ataitambua papo hapo. Mwaka 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani walikuta katika bakteria wa E. coli kipande cha DNA kilichorudiwa mara kadhaa, na baina ya kila marudio mawili pamekaa kipande tofauti. Yaani: kibwagizo, ubeti, kibwagizo, ubeti mwingine, kibwagizo. Hawakujua kazi yake. Nchini Uhispania, Francisco Mojica aliendelea kuuchunguza mpangilio huo tangu miaka ya 1990, na baadaye ukapewa jina la CRISPR.

Wengi walikuwa wameshughulishwa na kibwagizo. Jawabu lilikuwa ndani ya beti. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba vipande vya katikati vinafanana na DNA ya virusi wanaoshambulia bakteria. Mwaka 2007 jaribio lililofanywa kwa bakteria wanaotumiwa kutengenezea mtindi lilithibitisha: bakteria aliyenusurika shambulio huongeza ubeti mpya kutokana na DNA ya adui, na kuanzia hapo yeye na kizazi chake wanakuwa na kinga dhidi ya adui huyo. Kibwagizo huonyesha mahali ubeti mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, na husaidia mashine ya seli kukata nakala zake katika urefu unaofaa. Bila kibwagizo, kumbukumbu zote zingekuwa mchafuko mmoja. Yeyote aliyewahi kusikia utenzi mrefu ukighaniwa anajua kazi hiyo ya kiitikio: kumpa msikilizaji mahali pa kushika.

Mwaka 2012, Emmanuelle Charpentier, Jennifer Doudna na wenzao walionyesha kwamba mashine hiyo ya bakteria yaweza kuelekezwa kukata DNA mahali panapotakiwa. Wawili hao walipata Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Mnamo Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza iliyotokana na mbinu hiyo, nayo ni ya selimundu na ya thalasemia. Selimundu si ugonjwa wa mbali: uko Pwani, uko Magharibi, uko kandokando ya Ziwa Viktoria. Tiba hiyo ilitangazwa kuuzwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji hospitali yenye uwezo wa kupandikiza seli za uboho. Kwa hiyo mgonjwa wengi tumjuaye bado anaitazama kwa mbali.

Takriri iliyotufikia kwa bei nafuu ni nyingine. Kimelea cha malaria, anapoingia mwilini kupitia mate ya mbu, huwa amevaa protini ambayo katikati yake asidi amino nne hurudiwa takribani mara 40. Sehemu hiyo inayorudiwa ndiyo iliyoingizwa katika chanjo ya RTS,S, na herufi R ya mwanzo inasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya marudio. Kenya, Malawi na Ghana zilianza kuitoa kwa majaribio mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto mnamo Oktoba 2021. Mama anayempeleka mwanawe kliniki huko Homa Bay amebeba, bila kuambiwa, somo zima la takriri.

7.0 Takriri Tawanyifu na Mipaka ya Ulinganisho

Tukikomea hapo tutakuwa tumemdanganya msomaji kwamba kila takriri ina kazi njema. Takriri tawanyifu zinatukataza.

Katika miaka ya 1940, Barbara McClintock, akichunguza madoa ya rangi kwenye punje za mahindi, alitambua kwamba kuna vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali hadi mahali katika kromosomu. Ilichukua miongo kabla ya wengi kukubali uzito wa ugunduzi wake, na Nobeli aliipata mwaka 1983. Leo tunajua kwamba takribani asilimia 85 ya jenomu ya mahindi ni vipande vya aina hiyo. Sisi wenyewe tuna kipande kiitwacho Alu, chenye herufi zipatazo 300, kilichonakiliwa zaidi ya mara milioni moja, kiasi cha asilimia 10 ya jenomu yetu. Kingine, LINE-1, kinachukua asilimia 17 hivi, ijapokuwa nakala zake karibu zote zimekufa na haziwezi tena kujinakili.

Mwaka 1980, Leslie Orgel na Francis Crick walieleza kwamba kipande kama hicho hakihitaji kumfaidi mwenyeji wake ili kiongezeke. Kinatosha kiwe na ustadi wa kujinakili. Hurudi kwa sababu kinaweza kurudi. Na hoja ya Ohno ilikuwa karibu na hiyo: lau kila herufi ya DNA ingekuwa na kazi, makosa yanayotokea katika kila kizazi yangetuangamiza. Mpishi ana ushahidi wake jikoni: jenomu ya kitunguu ina herufi takribani bilioni 16, mara tano ya ile ya binadamu. Ni vigumu kuamini kwamba kitunguu kina mahitaji mara tano ya yule anayekikata.

Hata hivyo, mgeni asiyealikwa huweza kupewa kazi nyumbani. Jeni mbili zinazowezesha chembe zetu za kinga kuunda aina nyingi mno za kingamwili zinaaminika kutokana na kipande kirukacho cha kale. Protini iitwayo sinsitini, inayosaidia kuunda kondo la nyuma ambalo kwalo mtoto hulishwa tumboni, imetokana na jeni ya kirusi kilichoingia katika DNA ya wahenga wetu. Kwa upande mwingine, kipande kikitua katikati ya jeni muhimu huweza kuleta maradhi. Baadhi ya visa vya hemofilia vimetokana na LINE-1 iliyotua mahali pabaya.

Hapa ndipo ushairi na biolojia huachana njia. Nyuma ya takriri ya shairi yupo mtunzi, na tunayo haki ya kuuliza alikusudia nini. Nyuma ya takriri ya DNA hakuna mtunzi katika maana hiyo ya kifasihi. Kuna unakili, makosa, na mchujo wa vizazi. Swali la alikusudia nini halina mahali. Swali la inafanya nini ndilo linalobaki, na jibu lake sharti lithibitishwe kwa kuondoa takriri na kutazama kinachoharibika. Mhakiki anayesahau tofauti hii atageuza kila Alu kuwa fumbo. Mwanasayansi anayesahau upande wa pili atageuza kila fumbo kuwa taka.

8.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo manne. Kwanza, neno takriri litumike kama jina la jumla la mfuatano wa DNA unaojirudia, kwa kuwa linajulikana tayari kwa kila aliyesoma fasihi katika shule ya upili. Pili, litofautishwe kwa vivumishi: takriri sanjari kwa zilizofuatana na takriri tawanyifu kwa zilizotapakaa. Neno sanjari lina wazo la msafara ndani yake, nalo linafaa kuliko tafsiri ndefu. Tatu, neno rudufu litengewe jeni nzima iliyonakiliwa, kama AMY1, ili lisichanganywe na takriri za herufi chache. Nne, tuliepuke jina DNA taka katika vitabu vya kiada. Pale ambapo kazi haijathibitishwa, isemwe hivyo: DNA isiyojulikana kazi yake. Jina hilo ni refu, lakini halimfungii mwanafunzi mlango.

9.0 Hitimisho

Makala haya yametumia maswali matatu ya darasa la ushairi kusoma maandishi yasiyo na mtunzi. Tumeona TTAGGG ikilinda kwa sababu ya mahali ilipo, CAG ikidhuru kwa sababu ya idadi, na kibwagizo cha bakteria kikitenga kumbukumbu moja na nyingine. Tumeona pia mamia ya maelfu ya nakala ambazo, kwa kadiri inavyojulikana, zimo tu. Hukumu ya haki ni ile inayotazama kila takriri mahali pake kabla ya kuipa jina.

Wanafunzi wa Kiswahili wasingoje kuletewa istilahi za sayansi zikiwa zimekwisha kupikwa. Ghala la maneno ya kueleza urudiaji tunalo, nalo limejengwa na washairi kwa karne nyingi. Wenzetu wa biolojia wanayo maabara. Kati ya ghala na maabara pana familia inayosubiri majibu ya DNA, mgonjwa anayetaka kujua kwa nini mwanawe naye yumo hatarini, na hakimu anayelazimika kupima ushahidi wa namba. Hao ndio wasomaji wetu wa kweli, na wote wanaelewa kibwagizo ni nini.